K ya Katikati

Dolphine Ogada hakuwa mtu wa kuuliza neno la Kipsigis linaandikwaje. Alizaliwa kwenye laini za wafanyakazi, zile nyumba za safu za kampuni, huko kwenye mashamba makubwa ya chai nje ya Kericho, mtoto wa watu waliotoka upande wa ziwa, na kabla hajaweza kusalimia nyanya yake kwa Kijaluo sawasawa alishajua kutukana kwa Kipsigis. Kwa hiyo mtu akimtajia neno la lugha hiyo kwenye simu, yeye huitikia "eeh, najua," kisha hukata simu kwa fahari ya mwenye nyumba. Fahari hiyo ndiyo iliyomfikisha juu ya ngazi, ghorofa ya kunyaushia majani ya Kiwanda cha Chai cha Kapsimbirer, huku wakurugenzi wakimngoja chini na feni ikiwa imenyamaza kama mtu aliyekasirishwa.

Lakini tuanze na feni yenyewe.

Majani ya chai yakitoka shambani huwa yamejaa maji. Kabla ya kusagwa lazima yanyauke, na hunyaukia kwenye trafu, yale masanduku marefu kama kitanda cha kulaza ukoo mzima, yenye wavu juu na feni kubwa upande mmoja ya kusukuma hewa chini ya majani. Hewa ikizidi, majani yanakauka kama tumbaku. Ikipungua, yanajipatia joto yenyewe kwa yenyewe, yanageuka mekundu, na mkulima aliyeamka na umande kwenda kuchuma anakuwa amechuma takataka. Pale Kapsimbirer, aliyeamua feni iende au isimame alikuwa Gekara, msimamizi wa ghorofa hiyo, Mkisii mwenye mdomo mtamu na swichi moja mbaya. Swichi ilijua kuwasha na kuzima. Mengine yote aliyajua Gekara kwa kiganja.

Wakurugenzi, ambao wenyewe ni wakulima wa chai, walikuwa wamechoka kupoteza majani kila Gekara anapougua. Walitaka mashini ya kuangalia unyevu na kuiamuru feni. Tayari walikuwa na kijitabu cha kampuni moja ya ng'ambo, kimechapishwa kwa rangi za kupendeza, kikikaa mezani kwa mwenyekiti kama Biblia. Ndipo Dolphine alipojitokeza na mwenzake Chelangat, wakasema kitu hicho wanacho, wamekitengeneza wenyewe Kaplong, nyuma ya duka la dawa za mifugo.

Kucheka walichekwa, lakini kwa adabu. Mwenyekiti, Mzee Kipyegon, akasema waje wafunge visanduku vyao kwenye trafu, halafu siku ya mkutano wawashe mbele ya wote. Feni ikizunguka, kazi ni yao. Isipozunguka, agizo linakwenda ng'ambo jioni hiyo hiyo.

Kwa Dolphine hilo halikuwa jambo la kazi pekee. Karakana yao ilikuwa imeunguzwa na radi mwaka wa kwanza, na radi ya Kericho haiulizi kama umemaliza kulipia vifaa. Walianza upya kwa kurekebisha redio na mashini za kukamulia ng'ombe, na kila walichokishika kilikuwa na jina la mtu mwingine kifuani: la Kijapani, la Kijerumani, la Kichina. Dolphine alitaka, mara moja tu kabla hajazeeka, kuona mashini inafanya kazi ya maana katika nchi hii ya chai ikiwa na jina waliloliweka wao. Hilo tu. Mengine angeyatafuta mbele ya safari.

Ndani ya kila kisanduku kulikuwa na bodi ndogo aliyoichora na kuiunganisha Dolphine, na ndani ya bodi kulikuwa na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Sasa, Linux ikiwekwa kwenye bodi ya namna hiyo huamka kama mgeni aliyefunguliwa mlango gizani. Haijui kilichofungwa wapi. Ni lazima umwandikie mgeni huyo maelezo: hapa pana kihisi cha unyevu, kimeshikwa na waya huu, pale pana feni, inaamriwa kwa ule. Maelezo hayo mafundi huyaita mti wa vifaa, kwa sababu yana shina, matawi na vitawi. Mti huo aliuandika Dolphine, maana bodi ni yake na yeye ndiye ajuaye alivyoipindapinda.

Chelangat yeye aliandika dereva. Si dereva wa gari, ingawa mama yake kule Sigor aliwatangazia wanawake wa kanisani kwamba binti yake ni dereva, nao wakauliza anaendesha lori la nani. Dereva huyu ni programu inayojua kusema na kifaa fulani. Hukaa ndani ya Linux akingoja aitwe. Na anaitwa kwa njia moja: katika mti, chini ya kila kifaa, kuna mstari unaosema kifaa hiki kinapatana na nani. Pale huandikwa jina la mtengenezaji, alama ya mkato, kisha jina la kifaa. Dereva naye ana orodha ya majina anayoyaitikia. Majina yakilingana herufi kwa herufi, dereva anainuka na kushika kazi. Yasipolingana haleti ugomvi wala halalamiki. Anakaa tu, kama mgeni kwenye harusi ambaye hakuna aliyemwambia chakula kiko wapi.

Miezi yote ya kujaribu, jina lao lilikuwa "jaribio,trafu". Dolphine aliliandika, Chelangat akaliandika, mambo yakaenda. Kisha Chelangat akajifungua, akaenda kwao Sigor kutunzwa pamoja na mtoto wake Nelvine, na akiwa amekaa tu akinywa uji wa wazazi, fikira zikamjia. Juma la mkutano akapiga simu. Alisema haiwezekani waende mbele ya wakurugenzi na mashini inayoitwa jaribio. Mzee akiuliza jina utamjibuje? Kitu kipewe jina la heshima. Jina la mtengenezaji liwe neno la Kipsigis la majani. Akalitaja.

Mtoto alikuwa analia, mtandao unakatika, na neno lenyewe lilikuwa na sauti ile ya katikati ambayo Mkipsigis huitoa pasipo kujali ni k au ni g, kwa maana kwake ni mtu na nduguye. Sikio la Dolphine lilisikia g. Angeliandika hivyo na hadithi hii isingekuwapo. Lakini Dolphine alijiona mjuzi. Alijisemea kwamba watu wa hapa wakisema g mara nyingi wanakusudia k, na mtu aliyekulia kwenye laini hapumbazwi na jambo dogo kama hilo. Akalirekebisha kichwani kabla halijafika mkononi. Kwenye mti akaandika "sokek,trafu". Kule Sigor, Chelangat akaandika kwenye dereva "sogek,trafu", akamtumia kwa mtandao, na wote wawili wakalala usingizi mzuri. Wangejaribu tena? Kubadilisha jina tu, kitaharibika nini?

Kitu hicho ndicho kilichokuwa kimeharibika sasa.

Ilikuwa alasiri, mawingu yameanza kujikusanya upande wa Londiani. Lori la kwanza lilikuwa limeshusha majani, vibarua wameyatandaza kwenye trafu ya kwanza mpaka yakafika kifundo cha mkono. Wakurugenzi walipanda ngazi wakihema, wakasimama kwa duara. Dolphine akatoa hotuba fupi yenye mzaha mmoja kuhusu wakwe, wakacheka, akawasha. Taa ya kijani ikawaka kisandukuni. Linux ikaamka. Feni haikufanya kitu.

Alisubiri kidogo, akitabasamu kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Akazima, akawasha. Taa ya kijani, kimya.

"Madam," Gekara alisema kwa upole wa kuudhi, "au dereva ameenda kula?"

Ghorofa nzima ilicheka, na Dolphine akacheka nao, kwa sababu amejifunza kwamba ukichekwa uwe wa kwanza kufunua meno. Mzee Kipyegon, mtu mrefu asiyependa haraka, akasema wakurugenzi wateremke wakanywe chai, wakimaliza watapanda tena. Hakutaja muda. Hakuwa na haja, maana chai ya wakurugenzi inajulikana: vikombe viwili na mkate, halafu uamuzi. Gekara akabaki, mkono mmoja juu ya swichi yake ya zamani. Alieleza kwamba hana ubaya na mtu, ila majani haya ni ya wakulima, na yakianza kupata joto atawasha feni kwa mkono, na akiwasha kwa mkono basi kila mtu ameona jibu.

Dolphine akaegemeza ngazi ya mbao kwenye trafu, akapanda mpaka kwenye kisanduku. Aligusa nyaya zote. Akaubadilisha ule wa kihisi, akaubadilisha ule wa feni, akapuliza vumbi mahali pasipo na vumbi. Kila kitu kilikuwa kizima. Ni hapo alipoingia Chelangat, kutoka Sigor, Nelvine mgongoni ndani ya shali, akihema kwa kupanda ngazi za kiwanda.

Chelangat alikuwa mtu wa sauti ya chini na majibu mafupi. Aliisalimu ghorofa, "Chamgei," akaitazama feni, akamtazama mwenzake aliyekuwa hewani.

"Tolfin, umevunja nini?"

"Mimi? Bodi yangu imeamka kitambo. Dereva wako ndiye analala."

"Dereva wangu halali."

"Basi anasali."

Chelangat akaketi juu ya gunia, akaunganisha laptopu na kisanduku kwa waya mrefu, akasoma maandishi yanayotolewa na Linux inapoamka. Dereva yumo. Amepakiwa, amejitambulisha, anangoja. Hakuna kosa lililoandikwa popote, na hilo ndilo lililomkera, kwani afadhali mashini inayolia kuliko inayonuna. Alisema maana yake ni moja tu: dereva hajaitwa jina. Wahakikishe majina.

Kwa hiyo wakasoma. Chelangat alisoma lile la dereva kutoka kwenye skrini yake, polepole, kama anayesomea watoto wa shule ya Jumapili. Dolphine, kutoka juu ya ngazi, akasoma lile la mti kwenye karatasi aliyoitoa mfukoni. Chelangat akatikisa kichwa kukubali. Wakasoma tena. Dolphine alisema k mbele ya Mkipsigis, na sikio la Mkipsigis likasikia neno la mama yake, safi kabisa. Chelangat alisema g mbele ya mtoto wa laini, na sikio la mtoto wa laini likafanya kazi liliyoizoea tangu utotoni, likaigeuza kuwa k na kuipokea. Mara ya tatu wakasoma kwa pamoja, kama kiitikio. Gekara aliyekuwa akisikiliza akasema wimbo ni mzuri ila feni haijaguswa moyo.

Akaingiza kiganja katikati ya majani. Alipokitoa hakufanya mzaha tena.

"Yameanza kupata moto," alisema. "Dada zangu, mnipe ruhusa."

Dolphine akamwomba amvumilie kidogo. Aliomba vizuri, pasipo utani, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akiomba pasipo utani, Gekara akaondoa mkono kwenye swichi na kuukunja kifuani. Chelangat akaanza kuzungumzia kihisi, pengine kina hitilafu, pengine waya umeliwa na panya. Dolphine alijua si panya. Aliwaza kile kijitabu cha rangi kule chini mezani. Aliwaza pia, kwa uchungu wa kijinga, kwamba mashini ya ng'ambo itakuja na kibati kimeandikwa jina lake tayari, na yeye ataitwa kuja kukifuta vumbi.

Ngazi za kiwanda zikalia. Wakurugenzi walikuwa wanapanda, na sauti ya Mzee Kipyegon ikafika kabla yake.

"Incinia Okata. Tumemaliza chai."

"Naam, mzee," Dolphine aliitikia.

Halafu akabaki ameganda, mguu mmoja kwenye kipandio na mwingine hewani.

Okata. Maisha yake yote alikuwa ameitikia Okata. Hospitalini Kaplong muuguzi akiita Tolfin Okata, yeye huinuka na kadi yake, wala haimjii kamwe akilini kwamba hajaitwa. Ukiita Okata anakuja. Ukiita Ogada anakuja. Mtu ana akili ya kuitika. Lakini kule ndani ya kisanduku hakuna mtu.

"Chela," alisema, sauti imeshuka. "Hilo neno, taja herufi moja moja."

"Tumesoma mara tatu."

"Taja tu."

Chelangat akavuta pumzi ya mama anayenyonyesha na kusumbuliwa kwa wakati mmoja. "S. O. Ji."

"Ji?"

"Ji. Ya gari."

"Ya gari au ya kari?"

"Kari ni nini?" Chelangat aliuliza, kisha akamtazama mwenzake usoni, kisha akanyoosha mkono. "Leta karatasi."

Dolphine akateremka, akampa. Chelangat akaiweka kando ya skrini. Macho yakaona kilichoyashinda masikio: sogek huku, sokek kule, herufi moja ikiwa imejikalia katikati kwa utulivu kabisa.

Walitazamana. Wangekuwa Kaplong wangecheka mpaka mwenye duka la dawa aje kuuliza kulikoni. Lakini wakurugenzi walikuwa wamefika mlangoni wakipangusa midomo, na Dolphine alikuwa ameanza kuona ukubwa wa jambo. Mti alikuwa ameuchoma ndani ya bodi na kuufunga usiandikwe upya. Alifanya hivyo kwa makusudi, baada ya fundi mmoja wa mjini kuchezea kazi yake ya awali na kumsingizia. Na visanduku alikuwa ameviziba kwa silikoni pande zote, isipokuwa tundu la waya, ili mvuke na vumbi la chai visipenye. Vilikuwa vimeshaning'inia juu ya kila trafu, safu nzima mpaka dirishani. Kurekebisha k kungetaka kuvipasua vyote.

Akasema atavipasua. Alikuwa ameshaishika bisibisi. Kosa ni lake, neno ni la akina Chelangat, na hatakubali neno la watu likae ndani ya mashini limeandikwa vibaya na Mjaluo mjuaji. Aliyasema haya kwa haraka na kwa Kiswahili kibaya, kama anavyosema anapokuwa amekasirishwa na nafsi yake.

Chelangat alimsubiri amalize. Nelvine naye akasubiri.

"Mzee amekuita nani sasa hivi?"

"Okata."

"Uliitika?"

"Niliitika."

"Ulienda kubadilisha kitambulisho kwanza?"

Dolphine akaitazama bisibisi mkononi.

"Basi na huyu ataitika," Chelangat alisema, na kuigeuza laptopu ikae vizuri mapajani. "Weka bisibisi chini, unatisha mtoto."

Kwenye dereva, mahali pa majina, palikuwa na mstari mmoja. Chelangat akaongeza wa pili chini yake. Orodha ya dereva haikuwekwa iwe na jina moja. Iliitwa orodha kwa sababu waliobuni mambo haya walijua kwamba kifaa kimoja huweza kwenda sokoni na majina mawili, na kwamba jina likishatoka nje halirudishwi, kwa kuwa kuna mashini mahali fulani imelishika na inalitegemea. Sogek, anaitika. Sokek, anaitika. Akaipika upya programu, akaipeleka kwenye kisanduku kupitia ule waya mrefu. Dolphine alisimama nyuma yake akiwa amelishika shali la mtoto kwa vidole viwili, wala hakujua amelishika.

Mzee Kipyegon alikuwa amefika kwenye trafu. Aliuliza kama wako tayari au waendelee na yale mengine. Gekara akamjibu kwa niaba yao kwamba mzee asimame mbali kidogo na feni, kofia yake isije ikaenda Nandi.

Hakukuwa na swichi ya kubonyeza. Chelangat aliandika neno moja, akagonga kitufe. Maandishi yakapanda kwenye skrini, na kati yake mstari aliokuwa akiungoja: dereva amekipata kifaa chake. Feni ikakohoa, ikazunguka mara moja kwa uvivu, kisha ikashika. Wavu ukatetemeka. Majani yote juu ya trafu yakainuka kidogo na kutulia, kama kifua cha mtu aliyelala, na ile harufu ya majani mabichi yanayoanza kunyauka ikawajia usoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Feni ilipanda, ikafikiri, ikapunguza mwendo yenyewe kihisi kilipoleta habari, ikapanda tena. Gekara akaingiza mkono majanini mpaka kiwiko, akafumba macho, akaacha mkono humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii inapumua," alisema. "Mimi sasa naweza kuugua."

Mzee Kipyegon aliuliza kosa lilikuwa nini. Wapo mafundi ambao wangejibu kwamba ni umeme, kwani umeme hauwezi kujitetea. Dolphine akamwambia ukweli: kwamba neno la majani aliliandika kwa k, mwenzake akaliandika kwa g, na mashini haina uungwana wa kuelewa. Alitarajia kichekesho. Badala yake mzee akakunja uso na kuuliza kama k ni kosa. Yeye mwenyewe angeliandika kwa k. Mkurugenzi wa Chepseon akasema hapana, shuleni walifundishwa g. Mwingine akasema walimu wa Chepseon walifundisha mengi. Wakaanza kubishana kwa Kipsigis, wazee wazima, kila mmoja akichora herufi hewani kwa kidole, huku nyuma yao feni ikiendelea na kazi, haimsikilizi yeyote. Dolphine naye akaingia katikati ya ubishi, kwa Kipsigis chake cha laini, na hakuna aliyeona ajabu. Alikuwa akiitetea g kwa nguvu zote.

Mvua ilipoanza kupiga mabati, ubishi ulikufa kwa kukosa kusikika, na wakainua mikono kupiga kura wakiwa wamesimama hapo hapo. Mikono yote iliinuka. Mwenyekiti akamwambia karani ateremke akakiondoe kile kijitabu mezani, asije mtu akakiwekea kikombe na kukiharibu, kitapewa watoto wachore. Kisha akawashika mikono wote wawili kwa pamoja, mkono wa Dolphine juu ya ule wa Chelangat, akasema, "Kongoi, lakoochu," shukrani zenu, watoto hawa, kama anavyowaambia waliozaliwa bomani kwake.

Lilibaki jambo la rangi. Kapsimbirer kila mashini ina jina lake limeandikwa ubavuni, na mzee hakutaka visanduku vikae uchi. Juma lililofuata akaletwa Otiende, mchoraji wa mabango, na kopo la rangi nyeupe. Alipanda ngazi, akachovya brashi, akauliza aandike nini.

"Sogek," Dolphine alisema. "Kwa g. Ndivyo inavyopaswa."

"Kwa k," Chelangat alisema.

"Chela, neno ni lenu."

"Mashini zilizo juu hapo zinaitwa Sokek. Ukifungua ndani utakuta Sokek. Nimewaandikia hata kwenye dereva: majina yote mawili ni yetu, mtu asifute. Zile utakazotengeneza mwakani zipe g ukitaka. Hizi zilizofanya kazi zina k."

Otiende aliwatazama kutoka juu, brashi ikidondosha. "K ya katikati au ya mwisho?"

"Zote," walimjibu kwa pamoja.

Akasema wamtajie vizuri, yeye ameletwa kuchora, hakuletwa kuamua kesi. Chelangat alikuwa ameanza kumnyonyesha mtoto, kwa hiyo Dolphine akasogea chini ya ngazi. Feni zilikuwa zinazunguka safu nzima na ilibidi apaze sauti. Akataja moja moja, akisimama kila mara mpaka brashi imalize: S. O. Kisha akavuta pumzi, akaitaja ile k ya katikati kwa sauti ya kusikika mpaka kule chini kwa mashini za kusaga, na Gekara mwisho wa ghorofa akainua kichwa kutazama ni nani anaitwa.